Pampu Iliyogoma Mbele ya Mama Mkwe

Kama pampu ya bwawa ingekuwa na haya hata kidogo, ingegoma siku nyingine yoyote, si Alhamisi ile. Ilikuwa na Jumatatu nzima ya kugomea, siku ambayo nyumba ya mazoezi hufungwa na bwawa hubaki na majani mawili matatu yanayoelea. Haikugoma Jumatatu. Ilisubiri Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, siku ya kundi la magoti, na katika kundi la magoti alikuwamo mama wa binti ambaye fundi wa pampu alitaka kumwoa.

Fundi huyo walimwita Taratibu. Jina alilipata chuoni, kwa sababu hakuwahi kuruka hatua. Wenzake walipokuwa wakiifungua mashine kwa kubahatisha na kuipiga kofi, yeye alitoa karatasi yake mfukoni, imefungwa kwa plastiki isilowe, akasoma hatua ya kwanza, akaifanya, akaweka alama, ndipo akasoma ya pili. Mkufunzi mmoja alisema kijana huyu hata nyumba ikishika moto atatoka kwa kufuata orodha.

Kundi la magoti lilikuwa la wanawake kumi na mmoja, wote wamepita miaka sitini, walioambiwa na daktari wa viungo watembee majini mara mbili kwa wiki. Dawa yenyewe ilikuwa matundu manne ya ukutani, chini ya maji, ambamo pampu husukuma maji kwa nguvu. Wanawake walisimama mbele ya matundu hayo kwa zamu, maji yakawasugua magoti, na wakitoka hapo walipanda ngazi bila kumshika mtu. Pampu isipofanya kazi, bwawa ni beseni kubwa tu. Tena Meneja alikuwa na sheria moja isiyokuwa na mjadala: pampu ikizimika, hakuna anayeingia. Kwa hiyo asubuhi ile waliketi kwenye viti vya plastiki kandokando ya bwawa, wamekwisha kuvaa nguo za kuogelea, taulo mabegani, wakiyatazama maji kama watu waliofika kwenye sherehe wakakuta mlango umefungwa.

Aliyeketi katikati, mgongo umenyooka kama rula, alikuwa Mwalimu. Alistaafu ukuu wa shule miaka minane nyuma, lakini sauti yake ilikuwa haijapata barua ya kustaafu. Huyu ndiye mama wa binti. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo wazee wa Taratibu walikuwa waende nyumbani kwake kupokea jibu. Baba wa binti hakuwa na neno. Wajomba wa binti walikuwa wanamsubiri Mwalimu, na Mwalimu alikwisha kutamka kwamba hampi binti yake mtu ambaye hajaiona mikono yake ikiwa kazini. Atamtazama kwanza, kisha atasema. Lini na wapi, hakumwambia mtu.

Taratibu alijua asubuhi ile akiwa njiani, sanduku la vifaa begani. Simu ilitetemeka mfukoni, na ujumbe wa mchumba wake ulikuwa mfupi: "Mama kasema leo ndiyo anakutazama. Jifanye hujui. Na tafadhali usimkodolee macho, atakuwa na nguo za kuogelea."

Onyo hilo la mwisho halikuhitajika. Taratibu alilelewa na bibi yake, na bibi yake alimfundisha kwamba mama mkwe hatazamwi usoni hata akiwa amevaa koti la baridi. Sasa huyu wa nguo za kuogelea atatazamwa vipi? Akaingia kwa mlango wa nyuma, akaambaa na ua, mgongo kwa bwawa, macho kwenye ncha za viatu vyake, akawasalimia kina mama kwa kuliamkia tangi la maji.

"Shikamooni, mama zangu," aliliambia tangi.

Marahaba ikaja kutoka nyuma, kumi na moja kwa pamoja, moja ikiwa nzito kuliko zote.

Chumba cha mashine kilikuwa kibanda cha tofali kwenye kona, mlango wake ukielekea bwawa. Taratibu alichuchumaa ndani akiupa mlango kisogo, akatoa karatasi yake. Meneja, mtu mnene mwenye tai na viatu vya kung'aa, alisimama mlangoni akimweleza kwamba usiku mashine ilifanya kazi vizuri mpaka ikazimwa alfajiri, na kwamba yeye mwenyewe saa mbili na nusu aliiwasha ikakaa kimya, akaiwasha tena, kimya, akaisema kwa maneno ambayo hawezi kuyarudia mbele ya wateja, kimya vilevile.

Taratibu alibonyeza swichi. Hakikusikika kitu. Mashine yenye ugonjwa wa kawaida hunguruma ikashindwa, au hukoroma, au hutoa harufu ya kuungua. Hii haikutoa hata kikohozi.

"Umekosana nayo, fundi?" aliuliza mmoja wa kina mama. Huyo alikuwa Mama Kofia, mshonaji wa zamani aliyekuwa na kofia ya kuogelea yenye maua ya mpira na mdomo usiokuwa na breki. Aliongeza kwamba marehemu mumewe naye alikuwa na tabia hiyo hiyo, unamsemesha asubuhi anakutazama tu, na dawa yake ilikuwa kumnyima chai.

Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka. Taratibu alijua, kwa maana asiyeweza kutazama hujifunza kusikiliza, na kicheko cha watu kumi kina mlio wake tofauti na cha watu kumi na mmoja.

Alianza hatua zake. Umeme kutoka nyumba ya mazoezi ulikuwa unafika. Kipimo chake kilionyesha hivyo. Kikata umeme kilikuwa kimesimama sawasawa. Alifungua chujio akatoa kibanio cha nywele, jani moja na plasta ya kidole, lakini chujio lililoziba halimzuii mtu kuamka. Alifungua kifuniko cha nyuma, akauzungusha mhimili wa mota kwa mkono. Ulizunguka laini kama mpini wa cherehani iliyotoka kutiwa mafuta. Kila alipomaliza jambo aliweka alama kwenye karatasi, na kila alipoweka alama Mama Kofia aliwatangazia wenzake kwamba fundi ameandika tena, sijui ni barua kwa nani.

"Umefika hatua ya ngapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mwalimu.

Taratibu alisimama wima, akaujibu ukuta. "Ya tano, mama. Kapasita."

"Ndiyo nini hiyo?"

Akaeleza. Alieleza vizuri kwa mtu anayezungumza na matofali: kwamba mota inapoanza inahitaji msukumo wa kwanza, kama mtu mzito anavyohitaji mkono kutoka kitini, na kapasita ndiyo hutoa mkono huo. Akaipima. Akamwambia Meneja, kwa sauti ya kutosha kufika viti vya plastiki, kwamba kapasita ni nzima kabisa, haina kasoro. Nyuma yake Mwalimu aliguna, na hakujua kama mguno ule ulikuwa alama ya vema au mkasi.

Hatua ya sita ilikuwa saa ya kuwashia. Ilikuwa sawa. Sasa akaona jambo la maana: umeme wa kuiamrisha pampu ulikuwa unatoka chumbani, unakwenda nje, lakini haurudi. Mahali fulani huko nje njia ilikuwa imekatika. Na huko nje palikuwa na kitu kimoja tu.

Wiki iliyopita mkaguzi wa usalama alikuwa amedai pawekwe kitufe cha dharura kando ya bwawa, ili pampu ikivuta nguo au nywele za mtu, aliye karibu aizime kwa pigo moja. Taratibu mwenyewe ndiye aliyekifunga, chekundu, duara, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya maziwa, kwenye ukuta wa vyumba vya kubadilishia nguo. Kikibonyezwa hubaki ndani mpaka kizungushwe. Hatua ya saba ilisema waziwazi: kagua kitufe.

Shida ni kwamba kile kitufe kilikuwa upande wa pili wa kina mama. Kukifikia ni lazima apite mbele ya viti kumi na moja, uso kwa uso. Taratibu alipiga moyo konde, akaigeukia bawaba ya mlango, akaiuliza.

"Samahani, mama zangu. Pale ukutani kuna kitufe chekundu. Kuna aliyekibonyeza asubuhi hii?"

Kabla wengine hawajafungua midomo, Mwalimu alikwisha kujibu. "Mimi ndiye niliyefika wa kwanza, saa mbili kamili. Hakuna mtu aliyebonyeza kitu chochote ukutani. Andika hivyo."

Fundi mwingine yeyote angesema asante, akaenda kutazama. Taratibu naye aliijua sheria hiyo, aliiandika kwa mkono wake mwenyewe chini ya karatasi: neno la mteja si kipimo. Lakini huyu hakuwa mteja. Kwenda kutazama baada ya mama mkwe kusema, mbele ya wenzake kumi, ni sawa na kumwambia sikuamini, siku mbili kabla ya kupokea jibu lake. Akaweka alama, kwa mara ya kwanza maishani, kwenye hatua ambayo hakuifanya.

Na kosa likishaingia kwenye orodha, orodha yote huenda nalo. Ikiwa kitufe ni kizima na mashine ni nzima, basi waya umekatika chini ya sakafu. Hakukuwa na jibu jingine. Akamwambia Meneja kwamba itabidi avunje vigae.

Meneja alishika tama. Vigae vile viliwekwa mwezi uliopita, alivichagua mwenyewe, rangi ya mchanga, haviteleziki. Aliuliza kama hakuna njia nyingine. Aliuliza kama waya hauwezi kubembelezwa. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama Taratibu ana uhakika, na Taratibu akasema ana uhakika, ingawa alikuwa na uhakika wa kila kitu isipokuwa kile alichokiandika bila kukiona.

Akachukua nyundo na tindo. Waya ulipita chini ya sakafu kutoka kibandani, sambamba na bwawa, hadi kwenye ukuta wa vyumba vya nguo, naye alijua kwamba maungio yake yako karibu na mwisho huo. Ikambidi aende. Alitoka kibandani ameinama mpaka kifua kikakaribia magoti, akatembea upande upande kama kaa, macho kwenye sakafu, akihesabu vigae kwa sauti. Mbele yake ikawa safu ya miguu: miguu ya ndala za manjano, miguu yenye soksi za mpira, miguu iliyovimba kwenye vifundo. Kila alipofika ikainuliwa juu kumpisha, kama watu wanaofagiliwa.

"Huyu fundi amepoteza shilingi?" Mama Kofia aliuliza.

Jozi moja ya miguu haikuinuka. Ilikaa sakafuni, visigino pamoja, kama imepigiwa mstari. Taratibu hakuuliza ni ya nani. Aliizunguka kwa mbali, akaomba radhi kwa kigae kilicho karibu, akaendelea.

Alipofika ukutani alipiga magoti, akaweka ncha ya tindo kwenye kiungo cha vigae viwili, akainua nyundo. Kitu laini kikamgusa kichwani. Alikisukuma kwa mkono, kikarudi. Akainua macho.

Lilikuwa gauni la taulo, la bluu, zito, lenye herufi mbili zilizodariziwa kifuani, na herufi hizo alizijua kwa sababu mchumba wake alizidarizi mwenyewe sebuleni kwao. Halikutundikwa kwenye msumari. Msumari haukuwapo. Ndoana kuukuu iliyokuwapo hapo miaka yote aliing'oa Taratibu kwa mkono wake, jana yake jioni, akaona tundu lake linafaa kabisa, akafunga hapo kitufe chake asihangaike kutoboa ukuta.

Alibaki amepiga magoti, nyundo hewani. Akili ilimzunguka mara tatu. Hakuna mtu aliyekibonyeza, kweli. Kilibonyezwa na gauni, na mkono uliolisukumiza lile gauni likae vizuri, asubuhi saa mbili, ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuvua miwani yake kwa sababu alikuwa anajiandaa kuingia majini.

Sasa afanye nini? Kusema, haiwezekani. Kuliondoa gauni la mama mkwe pale lilipo, akalishika mikononi mbele ya watu, hilo nalo mwili wake ulilikataa wenyewe. Ikabaki njia moja. Aliweka nyundo chini polepole, akasimama huku amefumba macho, akapitisha mkono chini ya gauni, akapapasa ukuta, akapapasa tena, akakipata kitufe, akakizungusha.

"Fundi," alisema Mama Kofia, na safari hii hakuwa anatania, "humo ndani ya gauni la Mwalimu unatafuta nini?"

Hapohapo pampu ikanguruma kibandani. Meneja alikuwa ameacha swichi imewashwa, na maji yakaanza kububujika kutoka kwenye matundu manne, yakapiga mapovu hadi katikati ya bwawa. Kina mama wakashangilia. Wawili walikwisha kutia miguu ngazini. Lakini Meneja alikuja akiwa na furaha iliyochanganyika na mashaka, kwa maana aliviona vigae vyake vizima na hakuelewa, akauliza ilikuwa nini.

Taratibu alitoa mkono kwenye gauni kama aliyeungua. Aligeukia ukuta. "Kapasita," alisema.

"Si uliniambia ni nzima kabisa? Haina kasoro?"

"Ilikuwa nzima. Halafu... ikachoka. Halafu ikapumzika."

"Kapasita iko kibandani. Wewe ulikuwa huku."

"Ndiyo. Huku nilikuwa nanyoosha gauni. Lilikuwa linataka kuanguka."

Taratibu hakuwa amezoea kudanganya, na uongo ulimkaa vibaya kama suti ya kuazima, mikono inaonekana. Aliiona Jumamosi yake ikiondoka mbele ya macho: wazee wake sebuleni, wajomba wamenyooka, na Mwalimu akieleza kwamba kijana huyu nilimwona kwa macho yangu akipekua nguo zangu, na alipoulizwa akasema mashine ilikuwa imechoka.

Kiti cha plastiki kilisogea. Ndala zikaja, hatua moja moja, magoti yakilalamika. Mwalimu alipita kando yake, akalishika gauni lake, akaliinua. Akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa ukuta. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kiasi cha mtu kusoma ukurasa mzima.

"Hiki kinafanya kazi gani?" aliuliza.

"Kinazima pampu, mama."

"Mtu akikibonyeza."

"Ndiyo, mama."

"Na akikitundikia gauni?"

Taratibu alitazama viatu vyake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kamba.

"Kapasita ina nini?" Mwalimu aliuliza.

"Kapasita ni nzima, mama."

Mwalimu alilivaa gauni, akafunga mkanda, akageukia bwawa kama anavyogeuka mtu aliyehutubia watoto mia sita kila asubuhi kwa miaka mingi.

"Jamani, sikilizeni. Pampu niliizima mimi. Nilidhani ni ndoana yangu. Na mkwe wangu huyu alikuwa tayari kuvunja vigae vya watu kuliko kusema kwamba nimekosea."

"Umemwita mkwe," alisema Mama Kofia.

"Nina masikio, nimejisikia."

Hapo kelele zilizopigwa ziliifunika hata pampu. Mmoja alipiga vigelegele, mwingine akamwuliza Meneja kama sasa wanaweza kuingia au wasubiri mpaka arusi. Meneja aliwaruhusu kwa mikono yote miwili, akaenda kuvikanyagakanyaga vigae vyake kimoja kimoja kuhakikisha havikuumia.

Mwalimu hakuingia. Alibaki ukutani. Sasa kwa kuwa alikuwa amefunikwa na gauni kuanzia shingo hadi vifundo, Taratibu aliweza kuinua macho, akafika hadi kidevu.

"Kwa nini hukuja kutazama mwenyewe?"

"Ulikuwa umeshasema, mama."

"Mimi nilisema hakuna aliyekibonyeza. Sikusema usitazame." Alikuwa akizungumza kwa sauti ndogo ambayo Taratibu hakuwahi kuisikia, labda ndiyo aliyokuwa akiitumia nyumbani. "Binti yangu akikuambia jiko limezimwa, naye hajalizima, utamheshimu mpaka nyumba iungue?"

"Nitatazama."

"Hata kama atanuna?"

Taratibu alimjua mchumba wake akinuna. "Nitatazama akiwa hayupo," alisema.

Kitu kikatikisika kwenye kidevu cha Mwalimu. Aliomba ile karatasi. Aliisoma kwa kuisogeza karibu na macho, hatua baada ya hatua, alama baada ya alama, akafika ya saba, akanyoosha mkono apewe kalamu. Akaifuta ile alama kwa mstari mmoja, akaweka nyingine pembeni, nzuri zaidi, akamrudishia.

"Sasa imefanyika," alisema. "Jumamosi wajomba wataniuliza nimeona nini. Wanajua nilikuja kukutazama, na yule mkubwa hupenda kuuliza mpaka kwenye mifupa. Wakikuuliza wewe pampu ilikuwa na ugonjwa gani, usijibu. Kunywa chai yako. Nitajibu mimi."

"Utawaambia nini, mama?"

"Nitawaambia kapasita," alisema Mwalimu. "Mimi najua kuisema."

Akavua ndala, akamgeuzia mgongo, akaanza kufungua mkanda wa gauni, na Taratibu naye, haraka, akaugeuzia mgongo mgongo ule, akaokota nyundo yake na kurudi kibandani upande upande, akihesabu vigae. Alifika ishirini na tatu akaona amesahau tindo, na hakuthubutu kurudi kulichukua.